Chumvi ya Wifi

Viazi vya mgonjwa wa figo havipikwi, vinafuliwa. Unamenya, unakata vipande vidogo kama kete, unaloweka kwenye maji mengi, unamwaga. Unachemsha kwenye maji mengine mengi, unamwaga tena. Kila maji yanayomwagwa yanaondoka na potasiamu, kwa sababu potasiamu huyeyuka kwenye maji, haina ukaidi. Kipande kikiwa kidogo, sehemu kubwa zaidi inagusa maji, na inayotoka ni nyingi zaidi. Mwisho wa yote kinachobaki sufuriani ni wanga wenye sura ya kiazi.

Mama mkwe wangu aliniangalia nikifanya hivyo siku ya kwanza, amekaa kwenye kiti cha jikoni, mikono juu ya magoti.

"Hivyo viazi unavipika au unavitubisha?" aliniuliza.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwa miaka mingi aliendesha kantini ya karakana kubwa, akiwapikia mafundi wenye njaa ya kweli, na ulimi wake ulijulikana. Alikuwa akisimama mlangoni, anavuta pumzi, anasema sufuria ile haijatiwa chumvi, na ikiangaliwa ni kweli. Mimi nina stashahada ya sayansi ya chakula. Nilimwambia chumvi haina harufu. Alinijibu kwamba harufu haina, lakini ikikosekana inanuka.

Huko kantini aliwafundisha wasichana wake wasimwage maji ya mboga wala ya viazi hata kidogo, kwa sababu nguvu yote iko kwenye mchuzi. Ni kweli, nami chuoni nilifundishwa hivyohivyo. Vitamini na madini hukimbilia majini, ukimwaga maji umemwaga chakula. Sasa figo zake zilikuwa zimechoka, haziwezi tena kuitoa potasiamu mwilini, na kanuni iliyowalisha mafundi wote wale ikawa ndiyo ya kumlaza yeye. Potasiamu ikizidi kwenye damu, misuli inalegea. Moyo nao ni msuli. Nilimweleza hayo yote taratibu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maji yake ya viazi yanamwagwa shimoni kama ya kuoshea maiti, na maiti mwenyewe yuko hapa anatazama.

Alihamia kwetu baada ya kuanza kliniki ya figo. Mume wangu ni mpima ardhi, mtu wa maneno machache, anaondoka asubuhi na vigingi vyake na kurudi na vumbi. Watoto wetu pacha wako shule ya msingi. Mimi nafanya kazi kiwanda cha maziwa, kwenye chumba cha vipimo. Kwa hiyo mpishi wa mgonjwa nilikuwa mimi, kabla ya kazi na baada ya kazi. Mchana mama alijipakulia mwenyewe chakula nilichomfunikia.

Na alikuwepo wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, mwenye duka la vitambaa. Ni mtu mwenye mikono miwili, mmoja wa kukupa na mwingine wa kukupiga, na hutumia yote kwa wakati mmoja. Alikuja kila Jumapili na mfuko uliojaa. Ndizi mbivu nilizikataa mlangoni, machungwa nikayakataa, nyanya nikazirudisha kwenye gari lake. Aliniita Bi Maabara.

"Bi Maabara, leo umetupikia au umetupima?" alikuwa akisema huku akifunua sufuria.

"Nimewapima, wifi. Wewe umezidi uzito."

Tulicheka. Utani wetu ulikuwa wa kweli, sitasema vinginevyo.

Lakini mama alikuwa akikonda. Chakula kisicho na chumvi, kisicho na nyanya, chenye viazi vilivyofuliwa, kwa mtu aliyeishi kwa ulimi, ni adhabu. Alikula vijiko viwili vitatu akasukuma sahani. Nilijaribu siki, kitunguu saumu, tangawizi, matone ya ndimu, pilipili manga. Alisema namvalisha marehemu hereni. Daktari naye akaonya kwamba asipokula, mwili utaanza kujila wenyewe, utavunja misuli yake, na figo zitapata taka nyingi zaidi za kuchuja. Nilijua. Kujua hakujazi tumbo la mtu.

Wifi alinibana jikoni Jumapili moja, mlango umefungwa.

"Unamuua mama kwa njaa," alisema. Safari hii hakutania. "Mtilie chumvi kidogo."

"Chumvi ni sodiamu. Sodiamu inavuta maji, maji yanapandisha presha, presha inamaliza figo. Adui ni sodiamu, wifi. Nimekwambia mara ngapi?"

Nilikuwa nimemwambia mara nyingi kweli. Mama alianza kuugua presha kabla ya figo, na wakati huo wimbo wangu ulikuwa huo mmoja: sodiamu, sodiamu. Habari za potasiamu zilikuja baadaye, na wifi alizisikia kama habari za ndizi na viazi tu. Kichwani mwake adui aliyemo ndani ya chumvi alikuwa mmoja tu, na jina lake ameshalijua.

Wiki zilizofuata mama akaanza kula.

Nilirudi kazini jioni nikakuta sahani tupu. Nikadhani ni tangawizi. Nikadhani ni ile siki niliyochemsha na kitunguu. Niliwaambia hata wenzangu kwenye chumba cha vipimo kwamba nimepata dawa ya ulimi, nikawaelekeza namna ya kuitengeneza. Mume wangu alinipongeza, na yeye kupongeza ni kama mvua ya kiangazi. Mama alikuwa akinitazama tu. Mara moja alinishika mkono nilipokuwa naondoa sahani, akasema, "Unajitahidi, mwanangu," kisha akageukia dirishani.

Siku yenyewe nilikuwa kazini nagombana na mleta maziwa. Kipimo cha kuelea kilikuwa kimezama kwenye maziwa yake kuliko inavyotakiwa, dalili kwamba yametiwa maji. Yeye akaapa kwamba ng'ombe alinyeshewa na mvua njiani. Chumba kizima kilikuwa kinacheka simu ilipolia. Alikuwa jirani. Alisema mama amekaa kwenye kiti cha jikoni na hawezi kuinuka, miguu haimtii, na anasema kifua kinamdunda kisha kinanyamaza.

Nikajua ni nini kabla sijaiweka simu chini. Sikujua tu imetoka wapi.

Hospitali walimpima damu na moyo kwa haraka. Daktari, kijana mwenye macho ya usingizi, alisema potasiamu imepanda mno. Walimchoma sindano ya kuulinda moyo, wakampa insulini na sukari kwenye mshipa ili kuisukuma potasiamu irudi ndani ya chembe za mwili, wakamtayarisha kusafishwa damu. Kisha daktari akaja kwenye korido akauliza nani anayempikia.

Wote wakanigeukia. Mume wangu, wifi, mashangazi wawili waliokuwa wamefika na vitenge vyao kichwani.

"Anapikiwa na mtaalamu," wifi alisema. "Ana cheti."

Nilimweleza daktari kila kitu, kiazi kwa kiazi. Alitikisa kichwa akasema kwa chakula hicho haiwezekani ifike hapo. Kuna kitu kingine. Aliposema hivyo aliingia ndani, akaniacha na lile neno, kitu kingine, na familia ikinitazama kana kwamba nimelificha mfukoni.

Mume wangu alinivuta pembeni, karibu na ndoo ya msafishaji. Alisugua uso wake. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kwa adabu kabisa:

"Yale maji ya viazi, uliyamwaga kweli?"

Heri angenitukana.

Nilirudi nyumbani kumchukulia mama nguo. Chumbani kwake, juu ya meza ndogo, kulikuwa na sahani yake ya mchana, viazi vilivyopondwa nusu, kijiko kimesimama katikati. Mimi mwenyewe nilivipika asubuhi bila chembe ya chumvi. Nilichota kidogo nikaweka ulimini, kwa mazoea tu, kama ninavyoonja maziwa.

Kwanza nilipata chumvi. Halafu, chumvi ilipoanza kufifia, ukaja uchungu kutoka nyuma ya ulimi, uchungu wa chuma, kama mtu aliyelamba sarafu. Nikaketi kitandani kwake.

Chumvi tunayoijua ni sodiamu iliyofungamana na klorini. Ukiitoa sodiamu ukaweka potasiamu mahali pake, unapata kitu cheupe, kinachong'aa vilevile, chenye uchumvi unaofanana, ila kinaacha ule uchungu mwishoni. Huuzwa kwa wenye presha, na kwa mtu mwenye figo nzima si kibaya. Kwa mama mkwe wangu ilikuwa sawa na kumrudishia, kwa kijiko, kila nilichomwaga shimoni tangu ahamie kwetu, na zaidi ya hapo.

Sikutafuta sana. Lilikuwa kwenye mkoba wake, chini ya leso, kopo jeupe lenye picha ya moyo mwekundu. Sikuhitaji kuuliza limetoka kwa nani. Mume wangu hajui hata chumvi ya nyumbani kwake inakaa kabati gani.

Nilimwambia daktari kwanza, peke yake, kwa sababu mgonjwa hatibiwi kwa adabu. Alisema ameshaona mambo ya namna hiyo. Nikamwomba suala la familia aniachie mimi.

Mama alipopata nguvu ya kuzungumza nilivuta kiti, nikamwonyesha kopo chini ya shuka, wauguzi wasione. Hakushtuka.

"Chumvi haiachi uchungu," nikamwambia. "Ulimi wako ulijua."

"Nilijua tonge la kwanza."

"Na ukaendelea?"

"Aliniletea kwa mkono wake. Alisimama pale akinitazama nile, anacheka kama mtoto. Wewe ungefanya nini?"

"Ningetema."

"Ndiyo maana watu hawakuletei kitu."

Alifumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema yale aliyokuwa ameyapanga. Huyu ndiye mtoto wake wa kwanza, anamjua, akiambiwa kwamba alimlisha mama yake sumu hatasimama tena. Wifi alikuwa amemwambia mama asimweleze Bi Maabara, eti ataichukua akaipime kazini. Kosa lake ni hilo tu, kosa la mapenzi. Kwa hiyo nisimwambie, na nisimwambie mume wangu pia, kwa maana mume wangu hajui kunyamaza kwa dada yake.

"Na wao wanasema ni mimi," nikasema.

"Waache waseme. Wewe utanuna siku mbili, halafu utakwenda kazini. Wewe una mgongo, mwanangu. Yeye hana."

Aliniita mwanangu, akanitwisha mzigo wa mwanawe. Nilitaka kumwambia hivyo. Lakini alikuwa na sindano mkononi na midomo imekauka, nami nikaitikia. Nilidhani naahidi kubeba aibu yangu tu, na aibu yangu ni mali yangu.

Tuliporudi nyumbani nilifanya ninachoweza kufanya. Nililimwaga kopo, nikalisuuza, nikalikausha, nikatia chumvi ya kawaida, kidogo sana. Kiasi cha siku ambacho daktari sasa alimruhusu mama, badala ya kukipika sufuriani, nilikiweka humo chote. Chumvi iliyonyunyizwa juu ya chakula inaukuta ulimi mara moja, wakati ile iliyopikwa ndani inapotelea kwenye wanga. Punje chache juu zinafanya kazi ya kijiko kizima ndani. Nikalirudisha kwenye mkoba, chini ya leso, kama lilivyokuwa.

Mlo wa kwanza alinyunyiza, akaonja, akasita. Akanitazama.

"Hii imetoka wapi?"

"Dukani."

Akacheka mpaka akakohoa. Akala viazi vyote, akafuta sahani kwa kidole. Tangu siku hiyo tulikuwa na siri, yeye na mimi, na nakiri ilikuwa na utamu wake. Alianza kunisimulia habari za kantini, fundi aliyekuwa akificha nyama chini ya ugali ili aongezewe, msimamizi aliyemposa kwa sababu ya mchuzi. Alipata nyama kidogo mashavuni. Vipimo vya kliniki vikatulia.

Wifi akaona. Na wifi alikuwa na maelezo yake.

Hakuyasema mbele yangu mwanzoni. Yalinifikia kwa mashangazi: kwamba mama alizidiwa kwa sababu ya njaa ya Bi Maabara, na amepona kwa sababu ya kitu ambacho yeye wifi anakijua. Mume wangu aliniuliza kitu gani hicho, nikasema amwulize dada yake. Hakuuliza. Kitandani alinigeuzia mgongo kwa upole, kama mtu anayeogopa kuamsha ugomvi. Pacha wetu mmoja alirudi kutoka kwa shangazi yake akaniuliza kama ni kweli niliwahi kumnyima bibi chakula.

Nilinuna siku mbili, nikaenda kazini. Mama mkwe alikuwa ananijua.

Wifi ndiye aliyempeleka mama kliniki siku ambazo mimi na mume wangu tulikuwa kazini. Pale nje ya chumba cha daktari kuna benchi refu la mbao. Wagonjwa wa figo hukaa hapo asubuhi nzima wakisubiri kuitwa, na kwa kuwa wanakutana kila mara, wamekuwa kama majirani. Wanajuliana hali, wanaulizana uvimbe wa miguu, wanalalamikia chakula. Hasa chakula. Wifi alikaa nao akasikiliza. Yeye hawezi kusikia mtu analalamika akakaa na mkono mtupu.

Ilikuwa Jumapili, mezani, sote tukiwepo. Nilikuwa nimepika kuku na wali, na viazi vya mama pembeni. Mama alitoa kopo lake mkobani waziwazi, kwa maana sasa hakuna aliyemkataza, akanyunyiza. Wifi akatabasamu, akatazama meza nzima.

"Sasa niseme," alisema. "Hiyo chumvi ni yangu. Haina sodiamu hata chembe. Bi Maabara alikuwa anamfulia mama viazi, mimi nikamletea ladha, ona mashavu hayo. Na si yeye tu. Nimewapelekea wale wa kwenye benchi pia. Wanawake watatu. Mmoja alinibusu mkono, wallahi. Wiki ijayo nitawapelekea wengine."

Akatoa kopo jipya mfukoni, akaliweka katikati ya meza karibu na chombo cha maji. Moyo mwekundu ukatutazama.

Nilimtazama mama. Yeye alinitazama kwa macho yaleyale ya hospitali, akatikisa kichwa kidogo sana. Hapana.

Nikaweka kijiko chini nikamwambia wifi kila kitu, bila kuinua sauti. Kwamba ile chumvi ni potasiamu. Kwamba ndiyo iliyompeleka mama hospitali. Kwamba niliikuta sahanini na mkobani, daktari anajua, na iliyomo kwenye kopo la mama tangu alipotoka hospitali ni chumvi ya kawaida niliyoipima mimi. Na kwamba wale wanawake watatu wana figo kama za mama.

Mume wangu alikuwa ameshika glasi nusu njia.

"Wewe ndiye uliyesema sodiamu," wifi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Umeniimbia sodiamu miaka. Nikatafuta isiyo na sodiamu. Sasa unasema nini?"

"Nasema hiyo ina potasiamu."

"Uongo. Unataka kujiosha." Akageuka. "Mama, mwambie."

Mama mkwe wangu alikuwa anatazama sahani yake. Yule mwanamke aliyeweza kusikia chumvi isiyokuwepo kutoka mlangoni alichukua kitambaa, akajifuta midomo, akasema:

"Mimi sijui mambo hayo. Mimi nilikula nilichopewa."

Mume wangu akaishusha glasi. Nilijua nisipofanya kitu hapohapo, nitakuwa mwongo katika nyumba ile mpaka nizeeke, na makopo yataendelea kwenda kwenye benchi. Nilifungua kopo jipya nikamwekea wifi punje kiganjani. Nikachukua la mama nikamwekea kiganja cha pili.

"Onja. Kwanza hii, halafu ile."

Alionja kwa hasira, ili anishinde. Uso wake ukakunjamana kwa ile ya kwanza. Akameza mate, akalamba ya pili, akasubiri ule uchungu. Haukuja. Alirudia ya kwanza. Kisha alinyanyua kichwa, lakini hakunitazama mimi. Alimtazama mama yake, muda mrefu, nami nikaona jinsi lilivyomfikia: kwamba kama yeye, mwuza vitambaa, ameutambua uchungu ule kwa punje tatu, basi mama alikuwa ameutambua zamani, na alikula.

"Mama, kwa nini?" aliuliza.

Mama akaomba apelekwe chumbani akapumzike.

Wifi hakumaliza chakula. Aliniuliza siku ya kliniki ya wale wanawake ni lini, kana kwamba hajui. Nikamwambia nitaomba ruhusa kazini twende pamoja. Alikubali kwa kichwa. Usiku mzima alimpigia daktari simu isiyopokelewa, na muuguzi wa zamu akamwambia hawezi kutoa namba za wagonjwa. Hayo aliniambia mumewe. Yeye mwenyewe hakuniambia kitu.

Mama naye hakunisemesha tangu Jumapili ile. Nilipomletea chakula alisema kiache hapo. Nilipomuuliza kama kuna kinachomuuma, alisema, "Nilikuomba kitu kimoja." Nikamwambia kwamba kitu kimoja kimekuwa watu watatu. Akasema yeye hakuwazaa hao.

Tulifika kliniki mapema, benchi halijajaa. Wifi alikuwa amevaa kitambaa cheusi, bila vipodozi, mkoba ameupakata magotini. Wa kwanza alikuja akiwa na binti yake. Wifi alisimama, akaanza kueleza, nikamalizia mimi. Yule mama alisema hata kopo hakulifungua, alikuwa anaogopa kulimaliza. Binti akaahidi kulileta kopo mchana, na akalileta. Wa pili alikuwa ametumia karibu robo. Alilitoa kwenye mfuko wake akalishikilia.

"Mwanangu, hiki ndicho kitu pekee kilichonipa hamu," alimwambia wifi. "Ukikichukua nitakula nini?"

Nilimwingiza kwa daktari mbele ya foleni, watu wakaguna, nikawaacha wagune. Walimtoa damu. Walisema potasiamu imepanda, lakini amewahi, na kopo akalirudisha kwa wifi.

Wa tatu hakuja.

Wifi alisema ni mwanamke mrefu, wa makamo, mwenye kofia ya sufu ya kijani hata kukiwa na jua. Hakuwa akijua jina lake. Kwenye benchi walimwita Mama Kofia, basi. Tuliuliza wote waliokaa pale. Mmoja alisema huenda amebadilishiwa siku. Mwingine alisema yule hakosi, hata mvua ikinyesha, siku yake ni leo. Muuguzi wa mapokezi alitusikiliza akiwa amesimama. Akasema siri za wagonjwa hazitolewi kwa mtu asiye ndugu. Nikamweleza ni suala la uhai. Akaingia ndani, akakaa huko, akatoka akasema wamempigia na simu imezimwa.

Nilimwambia wifi turudi, tutakuja tena kesho. Hakuinuka.

"Alinibusu mkono," alisema.

Nilikaa karibu naye. Benchi lilikuwa limebaki letu. Msafishaji alipita na ufagio, akatuomba tuinue miguu, tukainua. Nilitaka kumwambia kwamba ningemweleza mapema asingewapelekea, na kwamba niliyenyamaza ni mimi. Nadhani alikuwa anawaza hivyohivyo, kwa sababu aliniambia, macho yake mlangoni:

"Ungeniambia siku ileile."

"Mama alinikataza."

"Na wewe tangu lini unamsikiliza mtu?"

Dirisha la mapokezi likafungwa. Mwanamke mmoja mrefu alionekana kwenye lango, wifi akasimama ghafla, makopo mawili yakagongana mkobani. Hakuwa yeye. Alikuwa mtu tu, anauliza njia ya maabara.